Jirani Aliye Mwisho wa Mto



Mwanzoni mwa Mei 2024, siku zile redio zilipokuwa zikitangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kinaikaribia pwani yetu, kijana mmoja hapa Songea alisimama baada ya darasa akaniuliza swali. Kijana huyo hana muda mrefu tangu aingie katika dini, na maswali yake aghalabu huwa mazito kuliko umri wake. Alisema: "Mwalimu, mmetufundisha haki ya jirani, nami nimeikubali. Lakini nataka kujua mpaka wake. Jirani yangu anaishia nyumba ya ngapi?"

Wenzake walitabasamu, wakidhani ni swali la mzaha. Nikamjibu kwamba wako wanavyuoni waliohesabu nyumba arobaini kila upande. Naye akasema: "Basi hawa wa Lindi na Mtwara, ambao usiku huu hawalali, hawamo katika hesabu. Twaweza kuwaonea huruma, lakini hatuwiwi nao kitu."

Kimbunga kile kilipungua nguvu kilipofika karibu na Mafia, ila mvua yake iliharibu madaraja na kuikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Swali la kijana halikupungua nguvu. Nimelichukua moyoni tangu siku ile, na haya ninayoyaandika ni jawabu lake. Ikiwa wewe nawe umepata kujiuliza wajibu wa mtu unafika wapi, tafadhali soma polepole, kisha upime mwenyewe kama maneno haya ni ya haki au sivyo.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Tuanze na jambo lililo mbele ya macho yetu. Mkazi wa Songea akitazama upande wa mashariki huiona milima ya Matogoro. Katika milima hiyo ndimo unamoanzia mto Ruvuma. Pale mwanzoni ni kijito ambacho mtoto aweza kukiruka. Baadaye unakuwa mto mpana, mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji, na baada ya mwendo wa karibu kilomita 800 unaingia katika Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Penye maingilio yake imestawi misitu ya mikoko, na jirani yake imo miamba ya matumbawe ya Ghuba ya Mnazi. Mahali hapo pamefanywa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Maji ya upande wa kaskazini wa mkoa wetu hushika njia nyingine. Huingia mto Luwegu, nao Luwegu hukutana na Kilombero, na huo mkutano ndio Rufiji. Delta ya Rufiji ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Na maji ya upande wa magharibi huingia Ruhuhu, Ruhuhu humwaga katika Ziwa Nyasa, Ziwa Nyasa hutoa mto Shire, Shire huingia Zambezi, na Zambezi huishia baharini huko Msumbiji, katika delta nyingine yenye mikoko mingi.

Basi fikiri, ndugu yangu. Tone la mvua linaloanguka katika Mkoa wa Ruvuma, likishika njia yoyote katika hizi tatu, lisiponywewa na ardhi wala kukaushwa na jua, mwisho wake ni mikokoni. Wala haliendi peke yake. Huchukua udongo wa mahali lilipopita. Likipita msituni huchukua kidogo, nalo likipita katika mteremko uliolimwa bila matuta huchukua kingi. Sisi wa milimani tumezoea kusema kwamba udongo "umepotea." Haukupotea. Umehama tu, na umekwenda kwa watu.

UKUTA USIOJENGWA KWA MIKONO

Wengi wetu wa bara hatujapata kuiona mikoko, au tumeiona ikiwa imekwisha kuwa boriti juu ya dari ya nyumba. Yafaa basi tuieleze.

Mikoko ni miti iotayo katika matope ya pwani, mahali ambapo maji ya chumvi hujaa na kupwa kila siku. Iko ya namna nyingi: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi na mingineyo. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu mingi. Mchu hutoa mizizi inayochomoza juu ya matope kama vidole, nayo ndiyo inayovutia pumzi, maana ndani ya matope yale hakuna hewa. Kila mmoja ameumbwa kwa mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukipokea mawimbi ya kwanza, na mingine hufuata nyuma kwa daraja.

Wimbi linapoingia katika msitu huo, mizizi na mashina hulivunja na kuliondolea nguvu. Wataalamu waliopima katika nchi mbalimbali wameona kwamba msitu wa mikoko wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi ya kawaida kwa sehemu 13 hadi 66 katika kila mia, kulingana na unene wa msitu na kina cha maji. Fauka ya hayo, mizizi hiyo hukamata udongo ili ufukwe usimeguke, na katika kivuli chake hukulia kaa, kamba na samaki wachanga ambao baadaye huwa riziki ya mvuvi.

Mbele ya mikoko, upande wa bahari kuu, ziko ngome nyingine. Ipo miamba ya matumbawe, ambayo imeonekana kuondoa, kwa wastani, sehemu 97 katika mia za nguvu za wimbi kabla halijafika ufukweni. Na baina ya matumbawe na mikoko yako majani ya bahari, ambayo hutuliza mchanga. Kwa hiyo mwanakijiji wa pwani hulala nyuma ya kuta tatu ambazo hakuna mtu aliyezijenga.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini tusijenge ukuta wa saruji tu? Jawabu ni kwamba penye mji mkubwa au bandari huenda ukahitajika. Lakini saruji huchakaa na kutaka fedha kila mwaka, ilhali msitu hujitengeneza wenyewe. Tena kuta za mawe zinazoingizwa baharini ili kushika mchanga wa mahali pamoja mara nyingi huunyima mchanga ufukwe wa jirani, hata aliyejenga akapona na aliye pembeni yake akaliwa na bahari. Msitu wa mikoko haumlindi mtu mmoja kwa kumdhulumu mwingine.

Hata hivyo, haifai kusema zaidi ya kweli, hata kwa nia njema. Mikoko si kinga ya kila jambo. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ya Bahari ya Hindi iliua zaidi ya watu 220,000, wengi wao katika Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand, na hata pwani yetu ya Dar es Salaam ilipoteza watu. Wako waliosema baadaye kwamba vijiji vilivyokuwa nyuma ya mikoko viliokoka kwa ajili ya mikoko. Wengine wakachunguza na kusema kwamba baadhi ya vijiji hivyo viliokoka kwa sababu vilikuwa mbali na bahari au juu zaidi. Ukweli ni kwamba wimbi la namna ile laweza kuing'oa hata miti yenyewe. Ushahidi wenye nguvu zaidi watoka katika kimbunga cha mwaka 1999 katika jimbo la Odisha, India, lililoitwa Orissa wakati huo. Hapo ilihesabiwa ikaonekana kwamba vijiji vilivyokuwa na ukanda mpana wa mikoko mbele yake vilifiwa na watu wachache kuliko vile ambavyo mikoko yao ilikuwa imefyekwa. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha pia kwamba tahadhari iliyotangazwa mapema iliokoa watu wengi zaidi kuliko miti. Basi mwenye akili hushika vyote viwili, mti na tahadhari, wala hakitumii kimoja kama kisingizio cha kuacha kingine.

JE, KUJIKINGA NI KUKOSA IMANI?

Wako wachamungu ambao husikia maneno haya wakaona uzito. Husema: "Dhoruba ni amri ya Mwenyezi Mungu. Aliyeandikiwa kufa atakufa, awe nyuma ya mikoko au mbele yake."

Ni kweli kwamba pwani yetu ilipigwa kabla ya watu wa siku hizi kuanza kuzungumza habari za mazingira. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na minazi na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952 tufani nyingine ikaipiga Lindi. Hakuna mtu anayedai kwamba mwanadamu aweza kuizuia tufani isizaliwe baharini.

Lakini tazama kosa lililomo katika hoja hiyo. Yule anayeileta hulifunga boma lake kwa miiba usiku, humpeleka mwanawe zahanati akishikwa na homa, na huweka akiba ya mahindi kabla ya kiangazi. Hasemi hapo kwamba anapingana na kudura. Anajua kwamba Mwenyezi Mungu aliyeumba ugonjwa ameumba na dawa, na kwamba kuitumia dawa ni kumtii Muumba wala si kumkimbia. Kwa nini basi imani yake ibadilike sura anapofika pwani? Aliyeumba bahari yenye mawimbi ndiye aliyeotesha mikoko mbele yake. Kuibomoa ngome hiyo kwa shoka, kisha maji yakiingia tukasema ni kudura, huko ni kumsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo yatupasa kutenganisha mambo mawili. Tufani yenyewe ni msiba, na katika msiba mtu huamrishwa subira. Kuuondoa ukuta uliomlinda jirani ni tendo, na katika tendo mtu huulizwa hesabu. Anayeyachanganya mawili haya humtaka aliyedhulumiwa asubiri, na humwacha aliyedhulumu ajipumzikie.

VISINGIZIO VITATU

Sasa tumrudie kijana wetu. Yeye hana shoka mikokoni. Shamba lake liko katika mteremko chini ya Matogoro, na linashuka mpaka ukingo wa kijito. Ana hatia gani?

Sikilizeni jambo lililotokea Kenya. Karibu na Mombasa kuna hori iitwayo Mwache. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mafuriko yalishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu yaliyokuwa wazi, ukaifunika mizizi ya mikoko. Nilisema hapo juu kwamba mizizi hiyo ndiyo pua za mti. Ilipofunikwa, mikoko mingi ilikufa imesimama. Haikukatwa na mtu yeyote. Ilizibwa pumzi na udongo wa watu ambao huenda wengi wao hawakupata kuiona.

Mikoko huhitaji udongo wa mto kwa kipimo, kwani ndio unaoijengea mahali pa kusimama. Udongo ukizuiliwa wote, pwani humeguka. Ukija kwa mmiminiko, mti hufa. Kila kitu kina kipimo chake, na dhuluma mara nyingi si kingine ila kuvuka kipimo.

Mtu wa milimani akiambiwa haya, hutafuta visingizio vitatu.

Kisingizio cha kwanza ni uchache. Husema: "Udongo wangu ni kapu moja katika mto mzima." Lakini watu wote wa bonde zima husema hivyo hivyo, na udongo unafika. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Uovu uliogawanywa kwa watu elfu hauwi wema kwa kugawanywa. Kila mmoja anachukua fungu lake. Kama wewe hulikubali fungu lako kwa sababu ni dogo, basi mwenzako naye asilikubali, na mwisho wake utasikia kwamba kijiji kizima kimezama bila ya mkosaji hata mmoja. Akili haikubali jambo hilo, wala haki haikubali.

Kisingizio cha pili ni ujinga: "Sikujua." Hiki kina uzito, na kwa waliotutangulia ni udhuru wa kweli. Hapana haki kuwalaumu wazee kwa mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Lakini udhuru huo una siku ya kufa. Kwako wewe, ndugu msomaji, umekufa leo, kwa sababu umekwisha kusoma.

Kisingizio cha tatu ni umbali, na hiki ndicho alichokileta kijana wetu kwa njia ya hesabu ya nyumba. Hapa ndipo lilipo shina la swali. Kuna haki za namna mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni haki ya kutendewa wema: kulishwa, kutembelewa, kuuguzwa, kuzikwa. Hii yafuata ukaribu, kwa sababu mikono ya mtu ni miwili na siku ina saa zake. Hakuna awezaye kumuuguza kila mgonjwa duniani, na ndiyo maana huanza na jamaa, kisha jirani, kisha aliye mbali kidogo. Haki ya pili ni ya kutodhuriwa. Hii haina nyumba ya mwisho. Mtu akirusha jiwe nyuma ya ukuta gizani likampasua mtu kichwa, hajitetei kwa kusema kwamba hakumwona, au kwamba aliyeumia si wa mtaa wake. Umbali wapunguza wema tuwezao kuutenda, lakini haupunguzi ubaya wa madhara tunayoyapeleka.

Kwa hiyo zile nyumba arobaini ni kipimo cha ukarimu. Hazikuwekwa ziwe mpaka ambao nje yake mtu ana ruhusa ya kudhuru.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipata kuupigia umma mfano wa wasafiri wa merikebu moja, wengine tabaka ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walitaka kutoboa upande wao ili wapate maji kwa urahisi, na wa juu wakiwaacha, wote watazama. Katika jambo letu tabaka zimegeuka. Safari hii wanaotoboa ni wa juu, na maji huingia kwanza kwa wa chini. Lakini merikebu ni ile ile moja.

KIPIMO KIMOJA

Nilipoyaeleza haya mbele ya ndugu wengine, mmoja wao, mtu msomi, alinipinga kwa hoja ambayo haifai kuidharau. Alisema: "Bahari inapanda kwa sababu dunia inapata joto, na joto hilo limeletwa zaidi na moshi wa viwanda vya nchi tajiri. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka na mengi yakafa, tokea Mafia mpaka Kenya na mbali zaidi. Je, ni mkulima wa Songea aliyeyaua? Nendeni mkawahubirie wenye viwanda."

Ndugu huyu asema kweli katika sehemu ya kwanza. Madai dhidi ya mataifa tajiri ni ya haki, nasi tusichoke kuyatamka. Lakini hebu tuyatazame madai hayo yamesimama juu ya nini. Tunamwambia mtu wa Ulaya au Marekani: "Wewe uko mbali, hukukusudia kutudhuru, na moshi wa gari lako ni mdogo ukilinganishwa na moshi wote. Hata hivyo unawajibika, kwa sababu madhara yanatufika." Tazama, hapo tumevikataa visingizio vyote vitatu, uchache, ujinga na umbali. Tumevikataa katika mdomo wa tajiri. Je, tutavipokea katika mdomo wetu wenyewe tunapozungumza na mvuvi wa delta ya Ruvuma?

Tukivikubali kwa ajili yetu, madai yetu kwa mataifa makubwa yameanguka. Tukivikataa kwao, yatubidi kuvikataa na kwetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bila shaka kiasi cha lawama si sawa. Mwenye kiwanda ana fungu kubwa na mkulima ana fungu dogo sana, na mizani ya haki huzipima tofauti hizo. Lakini mizani ni moja. Mwenye kutumia mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, sote twajua jina lake sokoni.

MASKINI AFANYE NINI?

Limebaki swali lililo gumu kuliko yote, na yule kijana ndiye aliyeniuliza, siku nyingine, kwa sauti ya chini. "Mwalimu, nikiuacha ukanda ule wa ukingo wa kijito bila kuulima, nitapungukiwa na magunia mawili ya mahindi. Watoto wangu ni wanne. Nani atanilipa?"

Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kujibu swali hili, na kwa sababu hiyo jawabu lake halina thamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haijazi ghala. Vivyo hivyo huko pwani. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi tangu zama za ukoloni, na juu ya hayo imefyekwa kwa mashamba ya mpunga katika Rufiji, kwa mashamba ya chumvi, kwa kuni na mkaa na boriti. Matumbawe nayo yamevunjwa kwa baruti za wavuvi, na yamechomwa kuwa chokaa, kama ilivyofanyika Mikindani. Aghalabu aliyeshika panga au baruti ni maskini. Anayeinunua chumvi, boriti na chokaa si lazima awe maskini.

Kwa hiyo nasema mambo mawili.

La kwanza, anayetaka maskini aache kukata, ni juu yake kushiriki katika hasara ya kuacha. Anayelindwa na mti, naye ashike upande mmoja wa gharama yake. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, vijiji vya Gazi na Makongeni viliungana katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kazi yake mwaka 2013. Wanaihifadhi na kuipanda mikoko yao, na wale wa nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao huwalipa kwa hewa chafu ambayo mikoko hiyo huifunga matopeni. Fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Yawezekana mtu akaona kasoro katika njia hiyo, mathalan kwamba tajiri huendelea na moshi wake kwa kuwa amelipa. Hata hivyo kanuni iliyomo ndani yake ni sahihi, kwamba mlinzi wa wengi hapasi kuachwa afe njaa peke yake.

La pili, mara nyingi hasara ni ndogo kuliko tunavyodhani, na wazee wetu wametutangulia kulijua hilo. Tazameni Wamatengo wa Mbinga, katika mkoa huu huu wetu. Wanaishi katika miteremko mikali, na kwa vizazi vingi wamelima kwa ngoro. Hulaza nyasi zilizofyekwa katika mistari inayokatana, wakazifunika kwa udongo, na katikati wakaacha mashimo. Mvua inyeshapo, maji hutulia katika mashimo badala ya kukimbia, nyasi huoza zikawa mbolea, na udongo hubaki mlimani. Hawakufundishwa na mgeni yeyote. Walifanya hivyo ili wapate maharage na mahindi yao, na bila ya kujua waliwafanyia wema watu wa mwisho wa mto. Hapa faida ya mtu na haki ya jirani zimekutana katika shimo moja.

Kuhusu kijana wetu, yafaa mjue yaliyotokea. Sikumwambia aache magunia yake mawili. Niliwaeleza ndugu zake habari zake, kwa idhini yake. Siku ya Jumamosi walikwenda watu tisa na majembe. Walichimba matuta ya kukinga mteremko katika shamba lote la juu, na ukingo wa kijito wakaupanda matete na migomba michache. Mavuno ya mwaka wa kwanza yalipungua kidogo, wala sitaficha jambo hilo. Upungufu ule watu tisa waliugawana, kila mmoja debe moja au nusu yake, naye hakuachwa apunjike peke yake.

JAWABU

Sasa naweza kumjibu aliyeniuliza jirani yake anaishia nyumba ya ngapi. Kwa upande wa wema, anza na aliye karibu, ufike unapoweza kufika. Kwa upande wa madhara, fuata maji yanayotoka shambani kwako mpaka yanapoishia. Mtu wa mwisho yanayemgusa ni jirani yako, na ana haki juu yako.

Na wewe, ndugu msomaji, usingoje kimbunga kingine ndipo uwakumbuke watu wa pwani. Kama una shamba mlimani, tazama mvua ya kwanza ijayo itatoka na rangi gani katika shamba hilo. Kama wajenga nyumba, uliza boriti zako na chokaa yako vimetoka wapi na kwa kibali gani. Kama uko pwani, usiutazame mkoko kama kuni zinazongoja kukauka. Kama una cheo au mali, usimkemee maskini kabla hujabeba fungu la mzigo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wa mikoko, ukishaanguka, si kila mahali utakubali kujengwa tena. Miche mingi iliyopandwa kwa haraka, mahali pasipo pake, imechukuliwa na maji. Kuilinda iliyopo ni kazi rahisi kuliko kuirudisha iliyokwenda.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao mto ukipita kwao, hauwafikishii wengine ila heri. Amin.